Mita Ililia Mara Nne

Nimeharibu redio ya babu yangu. Haikuniponyoka ikaanguka, haikuungua na umeme, wala mwizi hakuigusa. Niliiharibu mwenyewe, mezani kwangu, kwa utulivu, kwa muda wa siku tisa, na siku zote hizo nilikuwa nikijisifu kwamba ninaikarabati. Tangu hapo, kwa miaka mitatu, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba niliikuta imekwisha kufa. Jibu hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata redio yenyewe.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kipo Mbinga mjini, mwendo mfupi kutoka stendi. Natengeneza simu, sabufa, redio za flashi na taa za sola. Kazi hunichangamkia fedha za kahawa zikianza kuingia. Mkulima anashuka kutoka milimani Umatengo na malipo yake mfukoni, anataka sabufa ambayo akiiwasha nyumbani, jirani wa ng'ambo ya bonde naye acheze. Mimi ndiye ninayempa. Nimeishi kwa kuvipa vitu sauti kubwa kuliko vilivyozaliwa nayo, na wateja wananipenda kwa hilo. Natanguliza habari hii si kwa kujitetea, bali mjue redio ya babu ilifikia mikono ya mtu wa namna gani.

Ilikaa Liuli, kwenye nyumba ya ukoo, juu ya kabati la bibi, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tulipokuwa wadogo tukienda likizo ziwani tulikatazwa kuigusa. Bibi aliiita wailesi. Ilikuwa ya duara, ya bati la alumini, pana kama sufuria ya kupikia wali wa watu watano, na kwa kweli ilikuwa sufuria kabisa, ila haikuwa na mikono. Usoni ilikuwa na spika na vifundo vya kuzungusha. Rangi yake ilikuwa buluu, lakini sehemu mbili za ubavuni, pale viganja vya mtu vinapokaa akiinyanyua, buluu ilikwisha kulika hadi alumini ikaonekana, laini, inang'aa. Chini kidogo ya kiganja cha kulia palikuwa na mikwaruzo. Hiyo mikwaruzo ishikeni, nitairudia.

Bibi alifariki mwaka 2018. Mwaka 2022 ukoo uliamua kukutana Liuli kwa ajili ya Krismasi, wa Songea, wa Dar es Salaam, hata wa Lilongwe waje. Baba mdogo akanipigia simu: "Wewe si ndiye fundi wetu? Ichukue ile wailesi ya mzee uifufue, siku hiyo tuisikie." Alisema "uifufue", na nilifurahi kama niliyekabidhiwa mwenge. Niliifuata Liuli mwezi wa kumi na moja. Nikarudi nayo kwa njia ya Mbamba Bay nikiwa nimeipakata mapajani, na kile kitambaa cha bibi nikakikunja ndani ya begi.

Nilipofika nikaipiga picha moja, ya ubavu wa kulia, nikaiweka kwenye simu kwa maneno "kabla". Ya "baada" ingefuata. Ndivyo tunavyofanya mafundi siku hizi: kazi isiyo na picha mbili ni kama haikufanyika.

Kisha nikaifungua.

Ndani hapakuwa na bodi ya kijani wala vile vidudu vyeusi vyenye miguu mingi nilivyovizoea. Palikuwa na sahani ya chuma, nyaya zilizovishwa kitambaa, kapasita za karatasi zilizopakwa nta, na vichupa vinne vya kioo, kila kimoja kirefu kama kidole gumba, vimesimama kwenye vikalio vyao kama watoto kwenye picha ya shule. Zile ni valvu. Kabla ya transista kuja, ndizo zilizofanya kazi ya transista. Nilikuwa nimezisoma chuoni kwa nusu saa, mwalimu akasema hazitatuhusu. Vumbi lilikuwa jingi, buibui mmoja alikuwa na makazi yake, na ile harufu ya nta ya zamani ilifanana na ya mishumaa ya kanisani.

Nilichomoa valvu zote nne nikazipanga kwenye kitambaa. Nikachomoa sahani na nyaya zake. Spika nikaikata. Sahani ile, pamoja na kapasita, koili na kila kilichoning'inia, ilikaa uani siku mbili, kisha akapita kijana anayenunua vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Nilimuuzia. Fedha aliyonipa haikutosha chai na chapati mbili.

Ndani ya ile sufuria nikaweka bodi ya Kichina ya blututhi yenye tundu la flashi na la memori kadi, betri ya kuchaji, na spika mpya yenye sumaku nzito. Nikachukua keekee nikatoboa ubavu wa alumini matundu matatu: la kuchajia, la flashi, na la swichi. Usoni nikazungushia taa ndogo zinazobadilika rangi kwa kufuata mdundo. Halafu nikaanza kuisugua kwa msasa. Nilianza na msasa mkali, nikamalizia na laini wa maji. Buluu ilitoka kama unga, ikashika vidole vyangu na kope zangu. Sehemu za viganja zilipotea ndani ya usawa wa jumla. Mikwaruzo ilikuwa mirefu kwenda chini, ikanipa kazi. Nilitumia karibu saa nzima hapo tu, hadi ukipitisha kidole huhisi kitu. Nikapuliza rangi nyeusi ya kung'aa, mikono mitatu, nikiacha kila mkono ukauke. Niseme kweli, ilipendeza. Ilipendeza sana. Picha ya "baada" ilipata pongezi nyingi kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, na mtu mmoja wa Songea aliniuliza bei.

Krismasi ile baada ya ibada tuliketi uani chini ya mwembe. Baba mdogo akasimama akasema maneno mazuri juu ya marehemu mzee wetu, aliyekwenda kufanya kazi migodini Copperbelt akiwa kijana, akarudi na wailesi ya kwanza ufukweni kwetu. Nikaitoa ndani ya kile kitambaa cha bibi. Watu wakapiga vigelegele. Nikabonyeza swichi. Ile bodi ya Kichina ikatoa salamu yake ya Kiingereza kwa sauti ya kike, taa zikawaka nyekundu, zambarau, kijani, kisha ikaanza Bongo Fleva kutoka kwenye flashi yangu. Watoto waliruka. Shangazi zangu walicheza. Mtu akauliza, "Kumbe bado ilikuwa nzima?" Nikajibu, "Ilikuwa imekufa kabisa. Nimeifufua."

Mtu mmoja hakucheza. Ni mdogo wake babu wa mwisho, ambaye sote tunamwita Babu Mdogo. Wakati ule alikuwa na miaka themanini. Alingoja muziki upunguzwe, akaniita kwa mkono. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umehangaika. Niletee niishike."

Nikamwekea mapajani. Alipitisha viganja vyake ubavuni, mmoja kila upande, akavitafuta vile vikalio vya mikono. Akapitisha kidole gumba chini ya kiganja cha kulia, mara moja, mara mbili, kama anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango. Kisha akauliza:

"Betri lake ulilipata wapi?"

"Nimeweka jipya, Babu. La kuchaji."

"Hapana. Ninauliza lile betri *lake*." Akaonyesha kwa mikono kitu cha ukubwa wa tofali. "Kaka alilitafuta mpaka akakata tamaa. Haya madude hayakuharibika, mjukuu wangu. Yaliisha betri."

Nilicheka. Ninakiri kwamba nilicheka, kicheko kile cha fundi anaposikia mteja akimfundisha. Nikamwambia, "Babu, miaka sitini! Hata ingekuwa na betri, isingeweza." Hakubishana. Alinirudishia redio yangu nyeusi, akasema amechoka anaingia ndani kulala.

Niliporudi Mbinga kile kicheko hakikurudi nami. Nikaanza kutafuta ile redio ilikuwa nini hasa, jambo ambalo fundi wa akili angelifanya kabla ya kushika bisibisi. Haikunichukua muda mrefu. Ina jina na ina historia. Inaitwa Saucepan Special, maana yake ndiyo hiyo hiyo: sufuria maalumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kituo cha redio cha Lusaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kilikuwa kikitangaza kwa lugha za Kiafrika, lakini Waafrika wenyewe hawakuwa na redio za kukisikilizia. Zilizokuwapo zilikuwa ghali, za kuwekwa sebuleni kwa Mzungu. Mkuu wa idara ya habari kule, Harry Franklin, alihangaika na viwanda vya Uingereza vimtengenezee redio ya bei ndogo, ngumu, isiyohitaji umeme wa ukutani. Kampuni iliyokubali ilikuwa Ever Ready, na mwaka 1949 redio zikaanza kutoka. Umbo la sufuria halikuwa utani wa mtu: jaribio la kwanza lilifungwa ndani ya sufuria halisi. Kipenyo chake inchi tisa, valvu nne, rangi ya buluu, masafa mafupi. Bei yake pauni tano, yaani shilingi mia moja za wakati ule. Betri lake lilidumu saa 300 hivi, na likiisha ulinunua jingine kwa shilingi ishirini na tano.

Fikirini kidogo juu ya bei hizo. Ever Ready walikuwa watu wa betri. Redio waliiuza mara moja. Betri waliliuza tena na tena.

Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha kadhaa, Kinyanja kikiwa mojawapo, na wazee wa ufukweni kwetu Kinyanja wanakisikia bila mkalimani, kwa sababu ziwa halijawahi kututenga na ndugu zetu wa upande wa pili. Ndiyo maana mtu wa Liuli angeweza kuipenda redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Rhodesia. Mtangazaji mmoja wa kituo kile, Peter Fraenkel, aliandika kitabu juu ya kazi yao, kikatoka mwaka 1959, akakiita *Wayaleshi*. Nilipoliona jina hilo niliacha kusoma. Lilikuwa neno la bibi.

Sasa kuhusu betri. Redio za valvu za namna ile kwa kawaida zilihitaji umeme wa aina mbili kwa wakati mmoja: volti moja na nusu hivi za kupasha vile vinyuzi vilivyo ndani ya kioo, na volti tisini hivi za kuisukuma sauti yenyewe. Ndiyo maana betri lilikuwa zito kama tofali. Transista zilipokuja, redio nzima ikawa inakunywa betri za tochi. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na betri na redio za National zikafika hadi kwenye maduka ya vijijini. Nani angeendelea kuagiza tofali la volti tisini? Likatoweka madukani. Maelfu ya redio nzima zikanyamaza, zikawekwa juu ya makabati, na watoto wakaja kuambiwa kwamba zimekufa.

Volti tisini, mnajua nilizipata wapi? Kwenye droo yangu. Betri zile ndogo za mraba za volti tisa, tunazoziweka kwenye mita zetu za kupimia, zina vifungo viwili juu, dume na jike. Ukizipachika kumi mfululizo, ya kwanza ikiishika ya pili, ya pili ikiishika ya tatu, umepata tisini. Kwa zile volti moja na nusu inatosha betri moja kubwa ya tochi. Basi. Pengine ningelazimika kubadili kapasita nne tano za karatasi, maana hizo huvuja zikizeeka, na kapasita ninazo mfuko mzima. Kazi ya mchana mmoja. Rangi ya kupuliza peke yake ilinigharimu kuliko betri zote hizo.

Hadi hapa mnaweza kunihurumia. Kijana hakujua, mtasema, kuuliza si ujinga, ila hakuuliza, amejifunza. Hivyo ndivyo nilivyojieleza mwenyewe kwa muda mrefu. Lakini maungamo yasiyofika mwisho ni uongo wa pili, na mwisho wenyewe ni huu.

Siku ile ya kwanza, nilipozichomoa valvu nne nikazipanga kwenye kitambaa, nilizipima. Mkono wa fundi hupima bila kuagizwa, kama ulimi unavyogusa jino linalouma. Niliweka mita kwenye mlio, nikagusisha ncha kwenye miguu ya valvu ya kwanza, miguu ya kinyuzi. Ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikalia. Ya nne ikalia. Vinyuzi vyote vinne, vyembamba kuliko unywele, baada ya miaka sitini juu ya kabati, vilikuwa vizima. Nikaipima na spika. Ikakwaruza, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

Nilisikia. Nakumbuka nilisimama kidogo nikiwa na mita mkononi. Nikajua kwamba hapa hakuna maiti. Nikajua pia kwamba nikiifuata njia hiyo nitapata redio ndogo ya masafa mafupi inayokoroma, yenye rangi iliyobabuka, ambayo itatangaza kwa sauti ya chini na haitawaka taa yoyote. Nani angeipigia vigelegele? Nikazima mita.

Kwa hiyo nilipowaambia ukoo wangu "ilikuwa imekufa kabisa", sikukosea. Nilidanganya. Ilikuwa hai, mimi ndiye niliyeiua, na niliiua kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuipiga picha ya "kabla" na niliitaka "baada" ya kutikisa watu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2025 nilikwenda Liuli. Sikumwambia mtu. Nilimkuta Babu Mdogo kwenye kiti chake cha kamba, uso kaelekeza ziwani, kule linakoonekana jiwe la Pomonda ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri wakaiita bandari yetu Sphinxhafen. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na habari ya mita. Hiyo niliitaja mara mbili, maana mara ya kwanza sauti ilikwama.

Alinyamaza muda. Kisha akaniuliza kama niliihesabu ile mistari.

"Mistari gani, Babu?"

"Ile aliyoichora kaka kwa msumari. Hapa." Akaonyesha hewani, chini ya kiganja cha kulia. "Kila betri mstari mmoja. Akinunua jipya anachora. Alikuwa anamwambia shemeji yetu, nikifa msiseme mzee alipoteza hela kwenye pombe, hesabuni hapa."

Mikwaruzo. Saa nzima ya msasa.

Nilitoa simu nikaitafuta ile picha ya "kabla". Nikaikuza kwa vidole. Ilionekana mistari tisa, iliyonyooka, iliyopangwa kama vijiti vya mtoto wa darasa la kwanza. Wa tisa ulikuwa ukingoni kabisa mwa picha, na palipoishia picha palikuwa na ncha ya kitu kingine, labda mstari wa kumi, labda kivuli. Upande ule sikuupiga.

Tulifanya hesabu pamoja. Betri tisa kwa shilingi ishirini na tano ni shilingi mia mbili ishirini na tano, zaidi ya mara mbili ya bei ya redio yenyewe, kwa mvuvi aliyerudi kutoka migodini na watoto sita. Betri tisa kwa saa mia tatu ni saa elfu mbili na mia saba. Babu Mdogo alisema kaka yake aliwasha saa moja tu kila jioni, waya wa antena ukiwa umetoka dirishani hadi kwenye mwembe, watu wamekaa chini mpaka nje. Saa moja kila jioni ni miaka saba na miezi karibu mitano. Wailesi ilivuka ziwa mwaka 1954. Kwa hiyo mistari ile tisa inafika hadi karibu na Uhuru, bila kuhesabu ile ambayo hatutaijua.

"Na siku iliyonyamaza?" nikauliza. Swali hilo nilipaswa kuliuliza miaka mitatu nyuma.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema betri la mwisho lilikuwa limechoka, sauti inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku akitembea. Ilikuwa Januari 1962, ikisikika Dar es Salaam. Redio ikasema Mwalimu ameacha kuwa Waziri Mkuu, na nafasi yake ameichukua Kawawa. Watu wakatazamana. Uhuru una wiki sita! Mzee mmoja akasimama akasema, hilo betri limeoza, sasa linatangaza mambo yasiyokuwapo. Wakaizima kwa hasira ili kuokoa kidogo kilichobaki. Siku nne baadaye akaja mwalimu wa shule ya misheni, akathibitisha kwamba ni kweli. Wakakimbilia wailesi waisikie tena. Haikujibu. Ikawa hadithi ya ufukwe mzima: mashine iliyosema kweli ikaitwa mwongo, ikanuna.

Nimeisikia hadithi hiyo nikiwa na miaka thelathini na nane. Nilikuwa nikienda likizo katika nyumba ile tangu utotoni. Redio ilikuwa juu ya kabati, Babu Mdogo alikuwa uani, na mimi sikuwahi kuvikutanisha.

Nilikuwa nimebeba betri kumi za volti tisa ndani ya begi, sijui kwa nini. Pengine nilitaka kumwonyesha kwamba sasa ninajua. Nikazitoa nikazipachika mbele yake, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa kama kiwavi. Nikaweka mita. Ikasoma tisini na tatu. Akazitazama akasema, "Ndiyo hayo kaka aliyoyatafuta?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na redio sasa iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Aliponisamehe, alinisamehe kwa namna ya wazee, bila kulitaja neno lenyewe: alimwita mjukuu mwingine alete mbasa wa kukaanga na ugali, akaninawisha mwenyewe. Lakini alinipa adhabu. Aliniambia niwaambie wote waliopiga vigelegele siku ile. Nimewaambia kwa simu mmoja mmoja. Baba mdogo alikaa kimya, kisha akauliza kama inawezekana kurudisha ndani vitu vya zamani. Nikamweleza: sahani iliuzwa kwa kilo, spika ilikwenda nayo, na valvu zimebaki tatu, kwa sababu moja mwanangu aliikanyaga. Hizo tatu nimezifunga pamba nikaziweka ndani ya kopo la Africafe. Juzi nimezipima tena. Bado zinalia.

Watu wanaokarabati vitu vya kale kwa moyo, wawe wa saa, magari au mashine za michezo, wana kanuni ambayo sasa nimeiandika kwa kalamu nene ukutani kibandani: usifanye jambo usiloweza kulitengua. Ukichomoa kitu, kitie kwenye kopo, andika jina na tarehe. Ukitaka kuweka taa, tafuta tundu lililopo. Rangi ya zamani iache mpaka ujue iliyoikwangua ni mikono ya nani. Nami nimeongeza moja ya kwangu: mita ikilia, simama.

Redio nyeusi imerudi juu ya kabati Liuli. Watoto huiwasha Jumapili, na sina haki ya kuwanyima. Ubavuni, chini ya kiganja cha kulia, nilitaka kuchora mistari tisa kwa msumari. Babu Mdogo amenikataza. Amesema ile haikuwa mapambo, ilikuwa hesabu ya fedha za mtu.

Basi wewe unayesoma, kama kwenu kuna redio ya mzee, saa ya ukutani, cherehani au santuri iliyofunikwa kitambaa, usiniletee bado. Mtafute kwanza mtu wa mwisho aliyeisikia ikifanya kazi, ukae naye, umuulize ilinyamaza siku gani na ilikuwaje. Ukishapata jibu, niletee vyote viwili.